Nakosea wapi? Kanzidata za maktaba ya chuo zinaniletea ama makala maelfu ama sifuri

ZamuYaUsiku aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wale mliokwisha kuandika tasnifu, na kama humu yumo mkutubi nitashukuru zaidi.

Mimi ni muuguzi, niko mwaka wa kwanza wa uzamili, na zamu za usiku nimezifanya miaka sita. Swali la utafiti wangu sikulitoa kitabuni. Nililipata saa kumi alfajiri, nimeshika bomba la sindano lenye dozi ya kitanda namba nne, nimesimama mbele ya kitanda namba tano. Mgonjwa ndiye aliyeniuliza, "Sista, hii ni yangu kweli? Jana haikuwa ya rangi hii." Haikuwa yake. Hakuna aliyedhurika, lakini tangu usiku ule najiuliza jambo moja: muuguzi wa zamu ya usiku anapokosa usingizi, makosa ya kutoa dawa yanaongezeka kiasi gani, na kwa nini?

Msimamizi wangu amelikubali swali. Sasa anataka mapitio ya machapisho: makala zisizopungua thelathini, zilizopitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa, nyingi ziwe za miaka kumi ya karibuni. Amenipa wiki tatu, na moja imeshakwisha.

Nilichofanya mpaka sasa ni hiki. Niliingia kwenye ukurasa wa maktaba ya chuo, nikakuta orodha ya kanzidata, yaani hifadhi za kielektroniki za kutafutia makala, kuanzia A hadi Z, nikachagua moja ya mwanzo mwanzo tu. Nikaandika swali langu lote kama ninavyomuuliza mtu: "What is the effect of lack of sleep on medication mistakes made by nurses working at night". Sifuri. Nikapunguza, nikaandika "nurses sleep". Zikaja maelfu. Nilifungua kurasa tatu za mwanzo nikakuta watoto wachanga wanaobembelezwa walale, wagonjwa mahututi wanaonyimwa usingizi na kelele za mashine, wazee wenye kukoroma. Wauguzi wenyewe walikuwa wachache mno.

Nikahamia Google. Makala inayonifaa kabisa niliipata, lakini tovuti ya mchapishaji ikanionyesha ikisiri tu na kitufe cha kulipia. Nilikaribia kulipa, maana siku zinakwenda. Halafu kuna jingine: makala nane nilizozipata kwa shida nilinakili anwani zake kutoka juu ya kivinjari nikazihifadhi kwenye faili. Kesho yake nimezibofya, hakuna hata moja iliyofunguka.

Nakosea wapi? Natanguliza shukrani.


MwakaWaPili alijibu:

Pole dada, haya yametupata wengi. Mimi ninaloweza kukwambia kwa haraka: usiandike sentensi, andika maneno makuu tu na uyaunganishe kwa AND. Mfano "nurses AND sleep AND errors". Halafu upande wa kushoto weka tiki kwenye kile kisanduku cha makala zenye matini kamili tu, usijisumbue na zile ambazo huwezi kuzisoma. Weka tiki pia kwenye za kupitiwa na wataalamu. Mimi nilimaliza mapitio yangu hivyo.


MkutubiDawatini alijibu:

Binti, nimelisoma swali lako mara mbili, na ile habari ya kitanda namba tano nimeisoma mara tatu. Utafiti wenye asili kama hiyo unastahili kufanywa vizuri. Nimekaa dawati la msaada la maktaba ya chuo kikuu kwa miaka kumi na tisa, basi nivumilie, nitaandika kwa urefu.

Kwanza kabisa, usilipe. Tovuti ya mchapishaji ilikuomba pesa kwa sababu haikukutambua. Maktaba yako hulipia majarida kila mwaka ili wewe uyasome, lakini mchapishaji anajua u mwanafunzi kwa njia mbili tu: ama kompyuta yako imo kwenye mtandao wa chuo, ama umepitia mlango wa maktaba ukaingiza namba yako na neno lako la siri. Ukiwa nyumbani ukaanzia Google, unafika pale kama mpita njia. Rudi kwenye ukurasa wa maktaba, ingia, kisha tafuta jina la makala ile ile kwa ukamilifu. Kama hutaki kuacha kutumia Google, tumia Google Scholar, ile yao ya makala za kitaaluma: fungua mipangilio yake, nenda sehemu ya viungo vya maktaba, tafuta jina la chuo chako, weka tiki na uhifadhi. Inakubali hadi maktaba tano. Kuanzia hapo, kila makala ambayo chuo chako kinayo itatokea na kiungo pembeni kinachokupeleka hadi kwenye matini yenyewe.

Sasa tuje kwenye kutafuta kwenyewe, maana hapa ndipo penye kazi.

Ulipoandika sentensi nzima, kanzidata ilijaribu kupata makala yenye karibu kila neno uliloliweka, pamoja na "lack" na "mistakes" na "working". Hakuna mtafiti aliyeandika ikisiri yenye maneno yote hayo kwa pamoja. Na ulipoandika mawili tu, ikakuletea kila mahali yanapokutana, ndiyo maana ukapata watoto wachanga: muuguzi yumo, usingizi umo. Kanzidata haikukosea hata kidogo, ilifanya ulichoiagiza.

Chukua karatasi. Chora nguzo tatu. Ya kwanza iwe ya mhusika, ya pili hali aliyo nayo, ya tatu kinachotokea. Mhusika ni muuguzi. Hali ni kukosa usingizi na zamu ya usiku. Kinachotokea ni kosa la dawa. Kisha chini ya kila nguzo usiandike maneno yako wewe. Andika maneno ambayo watafiti wa fani yako huyatumia wanapoandika. Hapa naomba usimame kidogo, kwa sababu wanafunzi wengi wanaokuja dawatini kwangu wanakwama hapa na wanadhani wamekwama kwenye kompyuta.

Wewe uliandika "lack of sleep". Watafiti huandika "sleep deprivation", au "sleep loss", au "insufficient sleep", au "sleepiness", na wengine hawataji usingizi kabisa, wanasema "fatigue". Wewe uliandika "mistakes". Wao huandika "medication errors" au "drug administration errors". Na lile lililokupata wewe, dozi kufika kitanda kisicho chake na kuzuiwa kabla haijamwingia mgonjwa, lina jina lake kamili kwenye maandishi ya usalama wa wagonjwa: "near miss". Watu wameandika makala tele juu ya saa kumi yako ile ya alfajiri, ila hukuzipata kwa kuwa hukujua wameipa jina gani. Ongeza jina hilo kwenye nguzo ya tatu.

Ukishajaza karatasi, fungua ukurasa wa utafutaji wa kina, ule wenye visanduku kadhaa vilivyopangana. Kila nguzo iingie kwenye kisanduku chake. Ndani ya kisanduku, maneno yenye maana inayokaribiana unganisha kwa OR. Kati ya kisanduku na kisanduku iwe AND. Yaani hivi:

Kisanduku cha kwanza: nurse OR nurses OR "nursing staff"

Kisanduku cha pili: "sleep deprivation" OR "sleep loss" OR sleepiness OR fatigue OR "night shift" OR "shift work"

Kisanduku cha tatu: "medication errors" OR "medication error" OR "drug administration errors" OR "near miss" OR "near misses"

OR hupanua, AND hubana. Alama za kufunga na kufungua usemi hufanya maneno mawili yasitengane. Kwenye kurasa za msaada utakuta viunganishi hivi vinaitwa "Boolean". Ni jina la George Boole tu, mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 19, usitishike nalo. Viandike kwa herufi kubwa, kwani kanzidata nyingine zisipoviona kwa herufi kubwa huvihesabu kuwa maneno ya kawaida.

Kuna nyota pia, hii *. Ukiandika error* unapata umoja na wingi kwa mpigo mmoja. Ni chombo kizuri lakini kina makali. Ukikata neno mapema mno ukaandika nurs*, utaletewa na "nursery", na watoto wachanga watakurudia wote. Hata nurse* italeta "nursery", hivyo kwa neno hilo usitumie nyota, andika nurse OR nurses kama nilivyokuonyesha juu.

Kiunganishi cha tatu, NOT, nakuomba usikiguse. Najua utashawishika kuandika NOT patients ili kuwaondoa wale wagonjwa mahututi. Fikiri: makala ipi ya makosa ya dawa haitaji wagonjwa kwenye ikisiri yake? Utazitupa zako zote. Badala yake, kwenye kila kisanduku kuna chaguo la mahali pa kutafuta. Chagua kichwa cha makala na ikisiri. Hilo peke yake litakuondolea takataka nyingi.

Kuhusu ipi ya kuchagua kati ya A na Z: kwa uuguzi anza na CINAHL, ambayo imejengwa kwa ajili ya fani yenu hasa. Kisha PubMed, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo ni bure kwa kila mtu. Kisha PsycINFO, kwa sababu mambo ya uchovu na umakini wa akili wanasaikolojia wameyachimba sana. Usitafute mahali pamoja tu, kila moja ina majarida ambayo mwenzake hana.

CINAHL na PubMed zina jambo jingine ambalo ningependa kila mwanafunzi wa afya alijue. Zina istilahi rasmi. Makala inapoingizwa hubandikwa vichwa vya mada kutoka kwenye orodha maalumu, hata kama mwandishi mwenyewe ametumia maneno tofauti. Kwenye PubMed orodha hiyo inaitwa MeSH. Ndani yake kuna "Medication Errors", kuna "Sleep Deprivation", kuna "Nursing Staff, Hospital". Ukitafuta kwa kichwa cha mada, unampata aliyeandika "drug mistakes" na aliyeandika "wrong dose" kwa pamoja, kwa sababu wote wamewekwa chini ya kichwa kimoja. Ila makala mpya kabisa huenda bado haijabandikwa, hivyo tumia vyote viwili, vichwa vya mada na maneno ya kawaida, ukiviunganisha kwa OR.

Na ukiwa PubMed, fungua sehemu ya utafutaji wa kina uangalie historia yako. Itakuonyesha jinsi ilivyoyatafsiri maneno yako, maana PubMed huyaongezea maneno yenyewe kimya kimya kutoka kwenye istilahi zake. Ukitia alama za usemi au nyota, inaacha kufanya hivyo. Wengi wanashangaa kwa nini matokeo yamepungua ghafla. Sababu mara nyingi ni hiyo.

Mwisho, nimheshimu MwakaWaPili kwa moyo wake wa kusaidia, lakini mawili sikubaliani naye. Kisanduku cha matini kamili usikitie tiki. Kinakuonyesha zile tu ambazo matini yake imo ndani ya kanzidata hiyo hiyo. Makala inaweza kuwa haimo humo lakini maktaba yako inayo kupitia mchapishaji mwingine, na kuna kitufe karibu na kila tokeo kinachokagua hilo kwa ajili yako. Ukitia tiki, unachagua makala kwa urahisi wa kufunguka badala ya uzito wa hoja zake. Na ile tiki ya kupitiwa na wataalamu hukagua jarida. Haikagui makala moja moja. Barua kwa mhariri, tahariri na uhakiki wa kitabu hupita humo bila shida, kwa kuwa jarida lenyewe lina utaratibu wa kupitiwa. Itumie, kisha tazama kwa macho yako kama makala ina mbinu na matokeo.

Jaribu, kisha rudi utuambie.


MwakaWaPili alijibu:

Nimekuelewa mama, na nashukuru. Hilo la matini kamili sikulijua, na tasnifu yangu imeshakwenda kwa watahini. Nitarudia utafutaji wangu bila ile tiki kabla ya siku ya kuitetea, nijue nilichokiacha.


NyarakaZaKale alijibu:

Mimi ni wa historia, uuguzi siujui, ila kuhusu viungo vilivyokufa naweza kusaidia.

Anwani uliyonakili juu ya kivinjari ilikuwa ya kikao chako cha siku ile. Kikao kikifungwa, anwani inakufa nacho. Ndani ya ukurasa wa makala tafuta alama ya kiungo cha kudumu, mara nyingi iko pembeni pamoja na vitufe vya kuhifadhi na kutuma kwa barua pepe, nakili hicho. Bora zaidi ni DOI. Ni namba inayoanza na 10, nukta, tarakimu kadhaa, mkwaju, kisha herufi na namba nyingine. Iandike baada ya https://doi.org/ na itakupeleka ilipo makala hata mchapishaji akibadilisha tovuti yake yote. Makala nyingi za miaka ya karibuni zinayo. Kwa zile nane zako, kama ulihifadhi vichwa vyake utazipata tena kwa dakika chache. Kama ulihifadhi anwani peke yake, pole sana, yalinikuta na mimi kwa nyaraka za miezi miwili.

Tangu hapo natumia Zotero. Ni programu ya bure, ukibofya kitufe kimoja kwenye kivinjari inachukua jina la mwandishi, mwaka, jarida, DOI na mara nyingi hata faili lenyewe. Usisubiri mpaka mwisho. Ianze leo ukiwa na makala nane.

Jingine, kwa yeyote wa fani zetu za sanaa atakayeusoma uzi huu: JSTOR, kanzidata ya majarida ya kitaaluma, ni hazina, lakini ni hifadhi zaidi kuliko gazeti la leo. Majarida yake mengi yana kile wanachokiita ukuta unaosogea, matoleo ya miaka ya karibuni hayamo, na kwa kawaida pengo ni la miaka mitatu hadi mitano. Nilipoanza uzamivu nilitafuta humo tu, nikamwandikia msimamizi wangu kwamba mjadala ulikuwa umekufa miaka minne nyuma, watu wameacha kuandika. Akanijibu kwa orodha ya makala kumi na moja za miaka hiyo hiyo minne, mbili ni zake mwenyewe. Sikuwahi kusahau kuangalia tarehe za mwisho za kanzidata tangu siku hiyo.


ZamuYaUsiku alijibu:

Shikamoo mama mkutubi. Na wengine wote, asanteni sana.

Nimetoka zamu asubuhi, nikalala saa nne, nikaamka nikakaa na karatasi yenye nguzo tatu. CINAHL imenipa mia mbili na kitu badala ya maelfu. Nimesoma vichwa vyote. Nimesoma ikisiri tisini hivi. Nimebaki na arobaini na moja ambazo kweli zinazungumza na swali langu.

Lakini ninalotaka kusema ni lile neno "near miss". Niliandika neno hilo nikaona ukurasa umejaa. Kuna waliohoji wauguzi, wakaeleza matukio yao mmoja mmoja, na nimekuta muuguzi anasimulia dozi sahihi kwenye kitanda kisicho sahihi karibu na mwisho wa zamu. Nililia, sitaficha. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu.

Bado nina maswali mawili. La kwanza, kuna makala tatu ambazo kila mtu anazinukuu, na mbili kati yake hazifunguki hata kupitia kitufe cha maktaba. Inasema matoleo ya miezi 12 ya karibuni hayapatikani kwa moja, na nyingine jarida halimo kabisa. La pili, nitajuaje kwamba nimetafuta vya kutosha? Naogopa nikae mbele ya watahini mtu aniulize, "Na makala ya fulani hukuiona?"


MkutubiDawatini alijibu:

Marahaba binti yangu. Hapana, hukuwa peke yako.

Hizo mbili usizikatie tamaa. Maktaba yako karibu hakika ina huduma ya kuazimana na maktaba nyingine. Kuna fomu kwenye ukurasa wao. Unaweka kichwa, jarida, mwaka, toleo, kurasa na DOI, na makala hutumwa kwako kwa barua pepe baada ya siku chache. Kwa mwanafunzi mara nyingi ni bure. Wanafunzi hawaitumii kwa kuwa hawajui ipo, na mimi huwa naumia nikisikia mtu amelipa kutoka mfukoni kwa makala ambayo tungemletea. Wakati unasubiri, angalia kama ipo kwa halali mahali pengine. PubMed Central inahifadhi matini kamili za bure. Weka pia kiendelezi cha Unpaywall kwenye kivinjari chako. Ukiwa kwenye ukurasa wa makala, pakitokea kufuli la kijani lililofunguliwa, bofya, kuna nakala ya bure ambayo imewekwa na mwandishi, chuo chake au mchapishaji. Na ikishindikana vyote, mwandikie mwandishi mwenyewe. Anwani yake iko kwenye ukurasa wa kwanza wa makala au chini ya ikisiri. Sentensi tatu zinatosha: wewe ni nani, unatafiti nini, unaomba nakala. Wengi hufurahi kusomwa.

Swali la pili ni zuri kuliko la kwanza.

Hizo makala tatu ambazo kila mtu anazinukuu, zifanye ziwe kitovu. Kwa kila moja nenda pande mbili. Rudi nyuma: soma orodha yake ya marejeo uone imesimama juu ya nani. Nenda mbele: tafuta nani ameinukuu baadaye. Scopus na Web of Science zimejengwa kwa kazi hiyo hasa, na Google Scholar nayo ina kiungo cha hivyo chini ya kila tokeo. Wazo la kufuata nukuu lina umri sasa. Eugene Garfield alilipa umbo la faharasa kubwa ya sayansi mwaka 1964, wakati ilikuwa ni vitabu vizito vya karatasi, na Web of Science ya leo imetokana na hapo. Uzuri wa njia hii ni kwamba haitegemei maneno. Mtu aliyeliita jambo lako kwa jina ambalo hukulifikiria bado atakuwa amemnukuu mmoja wa hao watatu, na utamkamata.

Ukimkamata, tazama amelitumia neno gani, lirudishe kwenye karatasi yako, tafuta upya. Utaona raundi ya pili inaleta makala mpya nyingi, ya tatu chache, na itafika raundi ambayo kila inayotokea umeshaisoma. Hapo umetosheka. Huhitaji kusoma kila kilichoandikwa duniani. Unahitaji kuweza kuonyesha ulivyotafuta.

Na hilo la kuonyesha ndilo litakalokulinda mbele ya watahini. Fungua daftari leo. Kila unapotafuta andika tarehe, jina la kanzidata, maneno uliyoingiza neno kwa neno, vichujio ulivyoweka, idadi ya matokeo, na ulizobaki nazo. Ulikuwa na mia mbili na kitu, ukasoma ikisiri tisini, ukabaki na arobaini na moja: andika namba kamili, sio "na kitu". Ukiweka pia sababu ya kuziacha zile nyingine, una mchoro mzima wa PRISMA mkononi, ule unaoonyesha makala ngapi ulizipata, ngapi uliziacha na ngapi zilibaki, kabla msimamizi hajakuuliza. Mwongozo wake wa sasa ni wa mwaka 2020. Mapitio yako huenda si ya kimfumo kamili, lakini mchoro huo unampa msomaji imani.

Jambo la mwisho, fungua akaunti ndani ya kanzidata yenyewe, tofauti na ile ya chuo, uhifadhi utafutaji wako na uwashe taarifa. Kila makala mpya inayolingana na maneno yako itakujia kwa barua pepe. Tasnifu ni kazi ya miezi mingi, na makala itakayochapishwa mwezi ujao haitakusubiri.

Halafu nenda dawatini kwa mkutubi wa chuo chako, mwanangu. Mwonyeshe karatasi yenye nguzo tatu. Tupo kwa ajili hiyo.


ZamuYaUsiku alijibu:

Nimejaza fomu ya kuazimana kwa zote mbili sasa hivi, daftari nimelifungua, na namba kamili ni 237. Kesho saa tano nina miadi na mkutubi wa kitivo chetu cha afya. Kumbe yupo mmoja maalumu kwa ajili yetu na jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa maktaba siku zote.

Leo naingia usiku tena. Mchana huu nalala kwanza.